Gogo la Mpingo na Mkono wa Mmakonde

Wateja wengi wanaokuja kwetu Mwenge, Dar es Salaam, huamini Wamakonde wamechonga mpingo tangu enzi za mababu. Sivyo. Huko Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, wazee walichonga mapiko kwa miti laini, kwani kinyago cha kuvaliwa kichwani na mcheza ngoma hakifai kuwa kizito. Mpingo ulishika kasi karne ya 20, wageni walipoanza kununua sanamu, na watu wetu wakivuka mto kukimbia kazi za shuruti za Wareno na kutafuta ajira kwenye mashamba ya mkonge Tanganyika.

Mpingo una tabia zake. Kipande cha kiini ukikitupa majini kinazama. Ukibandua gome la kijivu unakuta tabaka jeupe lenye umanjano, kisha ndipo kiini: cheusi, chenye zambarau kwa mbali. Tezo hudunda, patasi huisha makali upesi, jiwe la kunolea halibanduki miguuni pangu. Gogo likiachwa juani hupasuka, kwa hiyo tunaliweka kivulini na kupaka nta kwenye ncha zake. Lakini ukichonga ukucha wa mtoto, ukucha unabaki. Ukiupiga msasa mpaka mwisho, unang'aa bila rangi yoyote.

Mti wenyewe umepinda, mara nyingi una uwazi ndani, na huchukua miaka 70 hadi 100 kufaa kupasuliwa. Naamini mitindo yetu imezaliwa humo. Miaka ya 1950 Samaki Likankoa alianza kuchonga mashetani. Husimuliwa kwamba sanamu yake ilivunjika mkono, akaendelea na kilichobaki, na mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam akataka nyingine za namna hiyo. Roberto Yakobo Sangwani alisifika kwa dimoongo, watu waliobebana kulizunguka gogo zima, mtindo ambao baadaye uliitwa ujamaa. Hapo fundi hanyooshi gogo; analifuata.

Ulaya wanautaka mpingo huohuo kwa klarineti na obo, nao huchagua vipande vilivyonyooka tu. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, Kilwa, vilipata cheti cha FSC kwa kutunza misitu yao, ili mauzo ya magogo yawafaidi wanakijiji wenyewe. Gogo la namna hiyo ni ghali kuliko la magendo linaloshushwa usiku. Mimi nalipa bei hiyo, na vijana ninaowafundisha nawataka walipe.