Picha Mbili Zilizozaa ya Tatu

Machi 31, 2003, gazeti la Los Angeles Times lilitoa kwenye ukurasa wa mbele picha kutoka Basra, Iraki. Askari wa Uingereza amenyoosha mkono akiwaamuru raia wajikinge. Mbele yake mwanamume amembeba mtoto. Ni picha inayougusa moyo. Mfanyakazi wa gazeti jingine, Hartford Courant, aliikagua kwa makini akaona jambo: baadhi ya watu walioketi nyuma wanaonekana mara mbili.

Mpiga picha, Brian Walski, alipoulizwa alikiri kuwa ameunganisha picha mbili kwenye kompyuta. Katika moja, mkono wa askari ulikaa vizuri. Katika nyingine, mwanamume na mtoto. Aprili 1 alifukuzwa kazi. Baadaye gazeti lilizichapa picha zote tatu ili wasomaji wajionee wenyewe.

Wengi huilaumu kompyuta. Ni kweli, programu ya Photoshop iliyotungwa na ndugu Thomas na John Knoll ilitoka mwaka 1990, ikairahisisha kazi. Ila kuunga picha ni ufundi wa tangu enzi za chumba cha giza. Kule Lamu, Omar Said Bakor wa Bakor Studio alikata na kuunganisha picha za wateja kwa ustadi unaonistaajabisha hadi leo, wala hakumdanganya mtu: mteja aliijua na kuitaka hivyo hivyo. Msomaji wa Los Angeles alikuwa ameahidiwa kitu kingine, kwamba yupo mtu aliyesimama Basra na haya ndiyo aliyoyaona kwa mpigo mmoja wa kamera. Kwangu mimi, ukweli wa picha ya habari umo katika ahadi hiyo. Walski aliivunja, hata kama kila aliyemo pichani alikuwepo kweli.

Leo picha huundwa pasipo kamera kabisa. Watengenezaji wa kamera wamejibu kwa saini ya kidijitali: Leica M11-P, iliyotoka Oktoba 2023, huitia picha saini papo hapo inapopigwa, na ikichezewa baadaye inajulikana. Naipokea kwa mikono miwili, ingawa haiwezi kuukamata kila uongo. Mwaka 1840, Mfaransa Hippolyte Bayard alijipiga picha akiwa kifua wazi, amefumba macho, ameegama kama maiti. Nyuma ya picha hiyo akaandika kwamba huyo ni Bayard, aliyejizamisha majini kwa sababu serikali ilimtuza Daguerre kwa uvumbuzi wa picha, yeye ikamsahau. Picha yenyewe haikuguswa popote. Bayard alifariki mwaka 1887.