Mlango Mdogo wa Nyongo

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya mlango mmoja mdogo, mdogo kama punje ya kunde, ulio ndani ya tumbo la kila mmoja wetu. Mlango huo ukiziba, macho ya mtu na ngozi yake hugeuka manjano, mkojo huwa mweusi kama chai kavu, na asipotibiwa huweza kufa.

Mwalimu wa darasa, tafadhali chora ubaoni ini. Ini hutengeneza nyongo. Nyongo huwekwa akiba katika mfuko wake, kisha hushuka kwa mrija mwembamba mpaka kwenye chango, ikasaidie kuyeyusha mafuta tuliyokula. Sasa chora kongosho, nyuma ya mfuko wa chakula. Nalo lina mrija wake. Kwa watu wengi mirija hii miwili hukutana na kutokea kwenye mlango mmoja. Basi tazameni hatari yake: kijiwe kimoja kikinasa pale, nyongo hurudi nyuma kwenye ini, nalo kongosho huweza kuvimba na kuchomwa na maji yake lenyewe, maji makali ya kuyeyushia chakula.

Watu waliijuaje mirija hii? Mwaka 1642, katika mji wa Padua huko Italia, Mjerumani mmoja jina lake Johann Georg Wirsung alikuwa akipasua maiti ya mtu aliyenyongwa, akauona mrija wa kongosho. Hakujua kazi yake ni nini. Akauchora kwenye bamba la shaba, akawapelekea wanazuoni wa nchi nyingine picha yake ili awaulize. Mwaka uliofuata alipigwa risasi akafa, swali lake halijajibiwa. Mwaka 1720 Abraham Vater, Mjerumani pia, akaueleza ule mlango wenyewe. Na mwaka 1887 Ruggero Oddi wa Italia, aliyekuwa bado mwanafunzi, akaeleza msuli unaouzunguka kama kamba ya mdomo wa mfuko, unaoufunga na kuufungua.

Kujua ni jambo moja, kufika ni jambo jingine. Mwaka 1882, mjini Berlin, Carl Langenbuch alimpasua mtu tumbo akautoa mfuko wa nyongo pamoja na vijiwe vyake, na mgonjwa akapona. Kazi hiyo ilisifiwa, na ilistahili. Lakini kijiwe kikiisha kutoka mfukoni na kunasa mrijani, mpasuaji alilazimika kuukata mrija wenyewe. Kijana mwenye nguvu aliweza kuvumilia. Mzee aliyedhoofika, mwenye homa na usaha katika njia ya nyongo, alikuwa baina ya mauti mawili: kuachwa na kijiwe chake, au kupasuliwa.

Je, haiwezekani kupita kinywani, pale pale kinapopita chakula? Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1868 Adolf Kussmaul, wa Freiburg huko Ujerumani, alimwita mtu aliyejipatia riziki kwa kumeza panga mbele ya watu, akamtia kooni bomba la chuma lililonyooka. Bomba liliingia, lakini mwanga ulikuwa hafifu, Kussmaul hakuona jambo la maana. Tena, ni wangapi kati yetu wawezao kumeza panga?

Shida ilikuwa kupata chombo kinachopinda, na mwanga ukapinda pamoja nacho. Dawa yake ilipatikana katika kioo. Kioo kikivutwa kikawa chembamba kama unywele, hupinda bila kuvunjika, na mwanga hukifuata. Ila nywele nyingi zikifungwa pamoja, mwanga hutoroka kutoka huu hadi ule. Mwezi wa Desemba 1956, katika Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani, mwanafunzi Lawrence Curtiss aliuvika kila unywele gamba la kioo cha namna nyingine, mwanga ukatulia ndani. Mwenzake, Daktari Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikimeza chombo hicho yeye mwenyewe mwanzoni mwa mwaka 1957 kabla hajamtilia mgonjwa. Mimi humheshimu sana kwa hilo.

Sasa safari ikawa fupi. Mwaka 1968 William McCune na wenzake wa Washington walifunga mrija mwembamba kando ya darubini ya namna hiyo, wakaufikisha kwenye mlango wa Vater, wakatia dawa inayoonekana katika picha za eksirei. Mara nyingi walishindwa. Wajapani wakatengeneza darubini nzuri zaidi, yenye jicho la ubavuni, maana mlango wenyewe uko ubavuni mwa chango. Ikawa na kidole kidogo cha chuma cha kuinulia mrija uelekee mlangoni.

Lakini mpaka hapo walikuwa wakitazama tu. Mwaka 1973 Meinhard Classen na Ludwig Demling huko Erlangen, Ujerumani, na Keiichi Kawai huko Kyoto, Japani, kila upande kwa njia yake, walipitisha waya wenye umeme, wakakata kidogo ule msuli wa Oddi. Mlango ukapanuka, na kijiwe kikapata njia ya kutokea chango. Wapasuaji wengi walishtuka. Kukata ndani ya mtu bila kumfungua tumbo! Damu ikibubujika, je? Chango likitoboka? Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu, kwa maana mambo hayo hutokea kweli, na hata leo wako wagonjwa ambao kongosho lao huvimba kwa sababu ya tiba yenyewe. Lakini yule mzee wa manjano aliweza sasa kutibiwa bila kovu.

Tena wako wenye uvimbe unaobana njia. Mwaka 1979 Nib Soehendra wa Hamburg, mzaliwa wa Indonesia, alieleza jinsi ya kuacha kibomba cha plastiki ndani ya mrija ili nyongo ipite. Uvimbe hauponi kwa hilo, lakini manjano hupungua, na mwasho unaomnyima mtu usingizi hutulia.

Msikilizaji mmoja ameuliza kama ni vijiwe tu. La. Mchango, yule mnyoo mrefu wa watoto, huweza kupanda akaingia mlango huo huo, na madaktari wa Kashmir wamewatoa wengi kwa darubini hii.

Tangu miaka ya 1990 picha za sumaku huonyesha mirija bila kumtia mtu chombo, kwa hiyo darubini siku hizi hutumika zaidi kutibu kuliko kutazama. Na kile kidole cha chuma cha Wajapani kimeleta neno jipya. Kuusafisha mwanya wake ni taabu: huko Marekani, katika miaka ya kuelekea 2015, vijidudu vilijificha humo vikawaambukiza wagonjwa, wengine wakafa. Tangu hapo zimetengenezwa darubini ambazo ncha yake hutupwa baada ya mgonjwa mmoja, na nyingine ambazo hutupwa zima zima.