Treni ndogo za mfano: Märklin, Piko, Hornby ao Kato, ni marke gani inastahili feza yako?

Treni ndogo za mfano ni treni za kweli zilizopunguzwa kwa hesabu, zinazotembea kwa umeme juu ya reli za kupanga mezani. Katika Ujerumani, Uingereza, Marekani na Japani, wengi wanaozikusanya ni watu wazima. Kwetu mashariki mwa Congo, mtu akitaka kuanza, njia iliyo karibu ni ndugu aliye Ubelgiji ao Ufaransa: unatuma feza, yeye anakununulia, kisha unangojea mzigo. Hapo njo kosa dogo linakuwa hasara kubwa, sababu kitu kisichopatana na vingine hakirudishwi kirahisi dukani ukiwa Bukavu ao Kalemie. Makala hii inalinganisha marke, yaani chapa za viwanda, zinazojulikana zaidi: bei yao, wingi wa aina, na namna zinavyopatana.

Kipimo kwanza, marke nyuma

Swali la kwanza si marke gani, ni kipimo gani. Treni za vipimo viwili tofauti hazitembei pamoja hata kama zimetoka kiwanda kimoja. Hivi njo vipimo vya kujua:

- H0: treni imepunguzwa mara 87. Upana kati ya reli mbili ni milimita 16,5. Ni kipimo kinachotumiwa zaidi duniani, na njo chenye aina nyingi kuliko vyote.
- 00: ni cha Uingereza. Treni imepunguzwa mara 76, lakini reli yake ina upana ule ule wa H0.
- TT: mara 120, reli ya milimita 12.
- N: mara 160, reli ya milimita 9. Inafaa kwa nyumba ndogo.
- Z: mara 220, reli ya milimita 6,5. Kichwa cha treni kinaenea katika kiganja.
- G: mara 22,5, reli ya milimita 45. Ni treni kubwa za kuzungusha katika bustani.

Kwa mfano, mzunguko wa H0 unaomba meza yenye upana wa karibu mita moja. Mzunguko wa N unaenea kwenye meza ya zaidi kidogo ya nusu mita. Pima chumba chako mbele ya kutuma feza.

Marke moja moja

Märklin ni ya Ujerumani, katika mji wa Göppingen, tangia mwaka 1859. Mwaka 1891 ilionyesha huko Leipzig treni zenye reli za kipimo kilichopangwa, ambazo mtu anaweza kuongeza kipande kwa kipande. Mwaka 1972 ilileta kipimo cha Z. Mwaka 2009 ilifilisika, kisha mwaka 2013 ikanunuliwa na kampuni ya vitu vya kuchezea Simba-Dickie. Vitu vyake ni vizito, vya chuma, na vinadumu: kichwa cha treni cha miaka ya 1960 bado kinaweza kutembea leo kikitiwa mafuta kidogo. Bei yake ni nguvu. Na kuna jambo moja la kukamata vizuri: katika H0, Märklin inatumia mfumo wake yenyewe. Umeme unapita katikati ya reli, kwenye vidoti vidogo, na kichwa kinaukokota kwa kijiti cha chuma kilicho chini ya tumbo. Marke zingine karibu zote zinapitisha umeme ndani ya reli mbili tu. Hii ni kusema kwamba kichwa cha Piko cha kawaida hakitembei kwenye reli za Märklin, na magurudumu ya vagoni za Märklin yanaleta shoti kwenye reli za wengine. Kwa wenye kutumia reli mbili, kampuni hiyo hiyo inauza treni zake kwa jina la Trix.

Piko ni ya Sonneberg, nayo ilizaliwa katika Ujerumani ya Mashariki mwaka 1949. Ilikuwa mali ya serikali. Mwaka 1992, kisha Ujerumani mbili kuungana, ilichukuliwa na mtu binafsi. Wengi wanaihesabu kuwa marke inayolipa feza vizuri. Kati ya ngazi zake za H0 kuna hizi: ngazi ya Hobby, yenye bei ya chini na vipande vichache vya kubandika, na ngazi ya Expert, yenye alama ndogondogo kama zile za marke za bei kali. Aina zake ni nyingi, na treni nyingi inazitoa kwa mifumo yote miwili: ya reli mbili na ya Märklin.

Roco ilianza Austria mwaka 1960, katika Salzburg. Tangia 2008 iko chini ya kampuni moja na Fleischmann, marke ya zamani ya Nuremberg iliyoanza 1887. Sasa wamegawana kazi: Roco inabeba H0, Fleischmann inabeba N. Ubora ni wa juu, bei iko katikati ao juu ya kati.

Hornby ni jina la Frank Hornby wa Liverpool. Treni zake za kwanza zilitoka mwaka 1920. Nguvu yake ni treni za Uingereza katika kipimo cha 00. Lakini mwaka 2004 Hornby ilinunua pia marke za bara la Ulaya: Jouef ya Ufaransa, Lima na Rivarossi za Italia, na Arnold, ile iliyofungua njia ya kipimo cha N. Kwa hiyo mtu anayetafuta treni za Ufaransa ataangalia kwanza Jouef.

Bachmann ni jina la Marekani, lakini tangia 1987 ni mali ya Kader ya Hong Kong. Inatoa treni za Marekani na za Uingereza. Seti zake za kuanzia ni za bei nafuu.

Kato ni ya Tokyo, Japani. Katika kipimo cha N, wengi wanasifu mota zake kwa kutembea polepole bila kuruka, na reli zake, ziitwazo Unitrack, zinashikana vizuri hata mtu akizipanga chini na kuzikunja kila siku. Kwa mwenye chumba kidogo na asiye na meza ya kudumu, hii ni faida kubwa.

Bei ya sanduku si bei yote

Katika Ulaya, seti ya kuanzia (kichwa kimoja, vagoni mbili ao tatu, reli za mzunguko na kifaa cha kuongoza mwendo) mara nyingi iko kati ya euro 100 na 300. Kichwa kipya cha H0 chenye alama zote ndogondogo kinapita kirahisi euro 200, na chenye sauti kinazidi hapo. Hapa sharti uongeze bei ya kusafirisha.

Lakini mwenye kununua seti ananunua pia njia ya kufuata. Kisha miaka mitatu, feza nyingi itakuwa imeingia katika reli, makutano ya reli na vagoni, si katika kichwa cha kwanza. Ukianza na reli za Märklin, utabaki upande wa Märklin. Ukianza na reli mbili, utaweza kuchanganya Piko, Roco, Jouef, Trix na Bachmann, na kununua reli za Peco ya Uingereza, kiwanda kinachojulikana zaidi kwa reli. Kwa wingi wa kuchagua, upande wa reli mbili unashinda. Kwa kudumu na kwa urahisi wa kutengeneza vitu vya zamani, Märklin haina haya.

Vitu vya okazyo, yaani vilivyokwisha kutumiwa, vinapunguza bei sana. Ndugu akikununulia vya okazyo, amwombe muuzaji mambo matatu: akitembeze kichwa mbele ya macho yake, aonyeshe magurudumu hayakuliwa, na aseme wazi ni mfumo wa reli mbili ao wa Märklin. Vitu vya bei ya chini sana vya Lima vya zamani ni vingi, lakini mara nyingi mota zao zinapiga kelele na kuenda kwa kuruka.

Umeme wa kwetu

Transfo ya Ulaya inakubali umeme wa kwetu wa volti 220. Ya Marekani ni ya volti 120, ya Japani ni ya volti 100: ukiichomeka moja kwa moja, inaungua. Angalia maandishi yaliyo chini ya transfo.

Kwa wenye panno za jua, kuna habari nzuri. Treni za reli mbili za mfumo wa zamani, usio wa dijitali, zinatembea kwa umeme wa moja kwa moja mpaka volti 12, sawa vile batri ya nyumbani. Lakini usiunge batri na reli ovyo. Treni ikianguka, magurudumu yanaunganisha reli mbili, na batri kubwa inaweza kuyeyusha waya na kuwasha moto. Weka fyuzi ndogo na kifaa cha kuongoza mwendo katikati. Märklin ya zamani inaomba umeme wa kubadilika-badilika, kwa hiyo batri peke yake haitoshi.

Na treni ya Congo?

Marke hizi zinatengeneza kwanza treni za inchi zenye wanunuzi wengi. Treni za Ubelgiji zimekwisha kutolewa na Märklin, Piko na Roco. Anayetaka treni ya kwetu hapati kirahisi ndani ya sanduku, na sababu moja iko katika reli yenyewe.

Reli za Ulaya zina upana wa milimita 1435. Reli za SNCC zinazofika Lubumbashi, Kamina, Kalemie na Kindu zina milimita 1067. Ukiweka treni ya Kalemie juu ya reli ya kawaida ya H0, ni kama umeipanua njia yake kwa zaidi ya sentimita 36. Japani ina shida hiyo hiyo, sababu reli zake nyingi ni za milimita 1067. Kato inaipunguza kidogo kwa kutengeneza treni hizo mara 150, lakini bado reli ya milimita 9 inakuwa pana kuliko inavyostahili.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kubaki katika H0 na kutumia reli ya milimita 12, ile ya treni za milimani za Uswisi ambazo marke ya Bemo inatengeneza. Hiyo inafaa pia kwa njia ya Kisangani–Ubundu, yenye upana wa mita moja. Lakini bei ni kali.

Ya pili ni ya wapenzi wa New Zealand, ambao nao wana reli za milimita 1067. Wanapunguza treni mara 64, sababu 1067 ukiigawanya kwa 64 unapata karibu 16,5: reli ya H0! Kwa hiyo unanunua reli, mota na magurudumu ya H0 ya bei ya chini, kisha mwili wa treni unaujenga mwenyewe kwa katoni ngumu ao bati. Vagoni ya mita 12,8 inakuwa na sentimita 20 kamili. Kazi hii haitashinda mikono ambayo tangia utoto inatengeneza motokari za waya na mikebe.

Vipimo vya vagoni zetu vinapatikana kwenye gare zenyewe na kwa wazee waliofanya kazi ya reli. Omba ruhusa kwa mkubwa wa gare mbele ya kupima ao kupiga picha. Vagoni nyingi za zamani zinaoza, na kitu kisichopimwa leo hakitajengwa kesho.

Kwa kifupi

- Feza kidogo, aina nyingi: Piko Hobby, reli mbili.
- Chumba kidogo: Kato, kipimo cha N.
- Kitu cha kurithisha watoto, na feza ipo: Märklin.
- Treni za Ufaransa: Jouef. Za Uingereza: Hornby ao Bachmann.
- Treni ya Congo: reli na magurudumu ya H0, mwili wa kujijengea kwa mara 64.