Vipawa saba na hakuna kurudi nyuma: historia ya paladini

Leo naweka tarakilishi kando kidogo, ingawa sitaenda mbali nayo.

Yeyote aliyewahi kuandika programu anaujua uamuzi wa siku ya kwanza. Hujaielewa kazi, mteja hajasema anachotaka, lakini lazima upange hifadhidata sasa hivi. Unapanga. Miaka mitatu baadaye bado unalipia ulichokipanga siku ile. Kuna kundi jingine la watu wanaoyajua maumivu haya vizuri sana, nao ni wachezaji wa Dungeons & Dragons waliochagua kuwa paladini katika toleo la 3.

Kwa msomaji asiyeujua: huu ni mchezo wa mezani. Mtu mmoja ndiye mwendesha mchezo, anasimulia dunia na hatari zake. Wengine kila mmoja anaigiza mhusika wake, ambaye maisha yake yote yameandikwa kwenye karatasi. Ukijaribu jambo lenye mashaka, unarusha dadu. Mhusika akiokoka, anapanda ngazi na kupata uwezo mpya. Paladini ni aina mojawapo ya mhusika: askari mtakatifu, mwenye upanga, kiapo na farasi.

Swali letu la leo ni hili: uwezo wa huyu askari unatoka wapi, na nani anauchagua? Jibu limebadilika kila baada ya miaka michache, na kila badiliko lina somo.

Zamani: dadu ndiyo iliyochagua

Neno paladini linatokana na Kilatini, palatinus, yaani mtu wa ikulu. Katika masimulizi ya kale ya Ufaransa, paladini ni wale mashujaa 12 wa mfalme Charlemagne, akiwemo Roland aliyeuawa Roncevaux mwaka 778.

Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson ilitoka Marekani mwaka 1974 ikiwa na aina tatu tu za wahusika: mpiganaji, mchawi na kasisi. Paladini aliingia mwaka uliofuata, 1975, katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk. Sharti lake lilikuwa kali. Mpiganaji alihitaji alama 17 au zaidi za Mvuto, na awe mfuata sheria tangu mwanzo wa mchezo.

Hebu tupige hesabu. Alama zilipatikana kwa kurusha dadu tatu na kujumlisha. Kuna matokeo 216 yanayowezekana, na manne tu ndiyo yanayofikia 17 au 18. Yaani nafasi 1 kati ya 54! Hukuchagua kuwa paladini, ulijaliwa.

Ukishajaliwa, kila kitu kilikuja pamoja. Uliponya kwa kuwekea mikono, hukushikwa na maradhi, na ungeweza kupata farasi wa vita. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kilikuwa na masharti yake: awe binadamu, asimiliki zaidi ya vifaa 10 vya kichawi, atoe fungu la kumi la mapato yake. Toleo la 2 la mwaka 1989 nalo likabaki na ile 17 ya Mvuto.

Silaha na stadi ndogondogo mchezaji alizichagua, lakini uwezo wa kipaladini wenyewe haukuchaguliwa. Kilichobaki mikononi mwake kilikuwa mwenendo. Katika Greyhawk, tendo moja tu la kuasi lilimvua upaladini, wala asingeurudisha kamwe. Kwa hiyo hatari ilikuwa mezani, katika yale unayotenda, si kwenye karatasi.

Mwaka 2000: vipawa vinaingia

Kampuni ya Wizards of the Coast iliinunua TSR, wachapishaji wa awali, mwaka 1997. Mwaka 2000 ikatoa toleo la 3, lililobuniwa na Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams. Masharti ya alama za kuzaliwa yakafutwa. Yeyote aliyetaka kuwa paladini akawa paladini.

Pamoja na uhuru huo kikaja kitu kipya, ambacho hapa nitakiita kipawa. Kipawa ni uwezo mdogo wa ziada unaouchagua mwenyewe kutoka orodha ndefu. Kila mhusika alipata kimoja ngazi ya 1, kimoja ngazi ya 3, kisha kimoja kila ngazi tatu mpaka ya 18. Jumla ni saba katika ngazi zote 20. Binadamu aliongezewa kimoja, vikawa vinane.

Mpiganaji wa kawaida aliongezewa vingine 11 kwa sababu ya kazi yake. Paladini? Hakuongezewa hata kimoja.

Na vipawa havikusimama peke yake. Vilifungamana kama vifurushi vya programu: hiki hakifanyi kazi bila kile. Tuchukue njia ya farasi. Unaanza na Mounted Combat, halafu Ride-By Attack, ndipo ufike Spirited Charge, inayofanya mkuki mrefu wa mpanda farasi udhuru mara tatu pale farasi anapokwenda mbio. Paladini binadamu angeweza kuvikamilisha vyote vitatu kwenye ngazi ya 3. Pigo la kawaida la wastani wa 7.5 linakuwa 22.5. Katika ngazi hiyo, hilo ni pigo la kutisha.

Lakini fikiria mchezo unachezwa wapi. Unachezwa ndani ya mapango na vijia vyembamba vya chini ya ardhi. Mbio za farasi zinahitaji njia iliyonyooka, isiyo na kizuizi. Umetumia vipawa vyako vitatu vya kwanza kwa farasi, na farasi amebaki nje amefungwa mtini. Marekebisho ya mwaka 2003, yaani toleo la 3.5, yalipunguza tatizo kwa kumruhusu paladini amwite farasi wake kimuujiza mara moja kwa siku, akae naye saa mbili kwa kila ngazi ya upaladini. Farasi akawa habaki nje tena. Kijia kilibaki chembamba vilevile.

Njia ya pili ilikuwa ya mkono. Power Attack inakuwezesha kupunguza uhakika wa kulenga ili uongeze nguvu ya pigo, na katika toleo la 3.5 silaha ya mikono miwili ilikulipa maradufu. Juu yake unaweza kujenga Divine Might, iliyokuwa katika kitabu cha Complete Warrior cha mwaka 2003. Hapo unatumia nafasi moja ya uwezo wako wa kufukuza mizuka, na Mvuto wako unaongezwa kwenye pigo. Paladini alipata uwezo huo wa kufukuza mizuka ngazi ya 4, kwa hiyo nafasi ya kwanza ya kuichukua Divine Might ilikuwa ngazi ya 6. Hapo ndipo aliyejaza nafasi za mwanzo bila mpango alipojuta.

Milango miwili iliyofungwa

Labda utasema: si angepanda ngazi mbili za mpiganaji, achukue vipawa vya ziada, kisha arudi kwenye upaladini? Hapana. Sheria ilisema paladini akichukua hata ngazi moja ya aina nyingine, upaladini wake hauendelei tena maisha yake yote. Aliyetaka vipawa vya mpiganaji alipaswa kuanza na upiganaji, kabla ya kula kiapo.

Mlango wa pili ni ule wa zamani, wa mwenendo. Paladini wa toleo la 3 akitenda uovu kwa makusudi alipoteza uwezo wake mtakatifu mpaka atubu. Sasa soma sheria nyingine ya kitabu hichohicho: kipawa hakitumiki ukipoteza sharti lake. Mtu akianguka, Power Attack inabaki, kwa sababu ni ya mkono wake. Divine Might inazimika, kwa sababu inaning'inia kwenye kiapo. Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hii: umejenga juu ya huduma ya mtu mwingine, siku akikata huduma, nusu ya kazi yako inalala.

Kwangu mimi, hapo ndipo uchaguzi wa vipawa unapopata maana. Kila kipawa kinauliza: unamtegemea nani?

Mitego ndani ya orodha

Kulikuwa na jambo jingine. Vipawa havikuwa sawa, na kitabu hakikukuambia. Mfano maarufu ni Toughness, kilichokupa pointi 3 za uhai, basi. Paladini wa ngazi ya 10 ana pointi 59 hivi kwa wastani, kabla ya kuongeza za Ustahimilivu. Tatu juu ya hizo ni kama asilimia 5. Umetumia kimoja kati ya saba kwa asilimia 5!

Baadaye Monte Cook mwenyewe aliandika makala akieleza kwamba mchezo ulijengwa ili umtuze anayeujua kwa kina. Alisema Toughness ina mahali pake, kwa mfano kwa mchawi dhaifu wa ngazi ya 1 au mchezo wa siku moja, ila kitabu kingepaswa kulieleza hilo wazi. Namheshimu kwa kukiri. Ni sawa na kuandika programu nzuri halafu kumwachia mtumiaji agundue mwenyewe kitufe kipi kinafuta data.

Matoleo yaliyofuata: kila mmoja na dawa yake

Dawa ya kwanza ilikuwa kuruhusu kubadilisha. Kitabu cha Player's Handbook II cha mwaka 2006 kilileta sheria za kujifunza upya. Toleo la 4 la mwaka 2008 likaifanya kuwa kawaida: vipawa 18 katika ngazi 30, na kila ukipanda ngazi unaweza kubadilisha kimoja.

Dawa ya pili itawapendeza wapenzi wa programu huria. Mwaka 2000 kiini cha sheria za toleo la 3 kilitolewa chini ya leseni ya wazi, wazo lililosukumwa na Ryan Dancey akiiga harakati za programu huria. Toleo la 4 lilipokwenda njia nyingine, kampuni ya Paizo ilichukua kiini kile cha zamani, ikakiendeleza na kutoa Pathfinder mwaka 2009. Vipawa vikawa 10, kimoja kila ngazi ya witiri. Na uchawi wa paladini ukahamishwa kutoka Hekima kwenda Mvuto, akapunguziwa mzigo wa kuhitaji alama nzuri kila mahali. Kosa lililokaa miaka tisa likarekebishwa na watu wa nje, kwa sababu leseni iliwaruhusu. Mwaka 2023 Wizards walipojaribu kuibana leseni hiyo, wachezaji walipiga kelele mpaka sheria za msingi za toleo la 5 zikawekwa chini ya Creative Commons.

Toleo la 5 lenyewe, la mwaka 2014, lilikuja na dawa ya tatu: vipawa vichache lakini vizito. Paladini ana nafasi tano tu, na kila mara anachagua kati ya kipawa na kuongeza alama zake kwa 2. Hapa mambo yananoga. Kuanzia ngazi ya 6, Mvuto wake unaongezwa kwenye kinga yake na ya wenzake walio ndani ya futi 10, dhidi ya uchawi, sumu na hofu. Akichukua Great Weapon Master apige kwa nguvu zaidi, anaacha kuongeza Mvuto ambao ungewakinga wenzake. Anayechagua ni mmoja, wanaolipa ni meza nzima. Marekebisho ya mwaka 2024 yalilegeza bei hiyo, kwani vipawa vingi vya jumla sasa vinakuja na nyongeza ya alama 1.

Basi uchague vipi?

Ukiwa na karatasi mbele yako leo, toleo lolote lile, mimi ningejiuliza mambo matatu. Kwanza, mchezo wetu unachezwa wapi? Kama ni mapangoni, mkuki wa farasi usubiri. Pili, kipawa hiki kinategemea nini, na je, siku kile kitu kikiondoka nitabaki na nini? Tatu, nani mwingine mezani analipia uchaguzi wangu?

Kisha anza mwisho urudi mwanzo. Andika kipawa unachotaka kuwa nacho ngazi ya 9 au 12, halafu shuka ngazi kwa ngazi uone sharti lipi linaingia lini. Nafasi itakayobaki wazi ndiyo ya kujifurahisha. Chukua hata Toughness ukitaka, mradi unajua bei yake.

Paladini wa 1975 aliogopa kutenda vibaya. Wa 2000 akaogopa pia kuandika vibaya. Mchezo mzuri, na programu nzuri, humwachia mtu nafasi ya kukosea na kujirekebisha. Lakini mpaka siku nafasi hiyo itakapokuwepo, tumia penseli.

Mpaka wakati mwingine, kwaherini.