Sifa Iliyogeuka Mzigo

Msomaji, huenda umepata kumwona mtoto awapitaye wenzake wote darasani, watu wakamnyoshea kidole na kusema, "Huyu ni ajabu ya dunia!" Maneno hayo husemwa kwa upendo. Walakini historia yatufundisha kwamba sifa ya namna hiyo yaweza kumlemea yule asifiwaye. Zitazame habari za William James Sidis.

Sidis alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1898. Baba yake, Boris, alikuwa mtaalamu wa elimu ya nafsi, naye aliamini sana mafunzo ya utotoni. Mwaka 1909 mtoto huyo aliingia Chuo Kikuu cha Harvard, hali ana umri wa miaka 11 tu. Januari 1910 alisimama mbele ya wanahisabati akawaeleza maumbo ya vipimo vinne. Magazeti yakamtangaza kila mahali. Tangu siku ile watu hawakumwona tena kuwa mtoto. Walimwona kuwa tamasha.

Alihitimu mwaka 1914. Akafundisha hisabati kwa muda mfupi mjini Houston, kisha akaacha. Baadaye aliikimbia sifa kama mtu akimbiavyo moto. Akafanya kazi za ukarani, na mwaka 1926 akatoa kitabu juu ya tiketi za tramu kwa jina la kubuni. Je, kuna aibu gani katika kazi ya halali? Hapana hata kidogo. Lakini mwaka 1937 gazeti la The New Yorker lilimfichua na kumfanyia mzaha. Akalishtaki. Mwaka 1940 mahakama ya rufani iliamua kwamba, kwa kuwa alipata kuwa mashuhuri, watu walikuwa na haki ya kujua mwisho wake ulivyokuwa. Basi jina alilopewa utotoni, pasipo kuulizwa, lilimnyima faragha utu uzimani. Alifariki mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 46.

Usidhani kwamba kosa ni kusoma mapema. Norbert Wiener, aliyeingia Harvard mwaka ule ule wa 1909 akiwa na miaka 14, alikuja kuwa mwanahisabati mkubwa. Hata hivyo, katika kitabu chake cha mwaka 1953 alieleza uchungu wa kukua chini ya macho ya watu.

Tena jina hilo huwadhuru hata wanaonyimwa. Mwaka 1921 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuchagua kwa mtihani watoto wa California wenye akili nyingi. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa, wakaachwa. Shockley alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956, na Alvarez mwaka 1968. Katika wale waliochaguliwa, hakuna hata mmoja aliyeipata.

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini hakuna wingu lililotoa ahadi ya kunyesha. Kwa hiyo, msomaji, ukikutana na mtoto mwenye kipaji, isifu kazi yake, mpe vitabu na walimu, na mwachie nafasi ya kucheza na ya kukosea. Na kama wewe hukupata kuitwa ajabu, usivunjike moyo. Pengine umeepushwa na mzigo, na njia yako ingali wazi.