Habari za Rialto

Nilipotea kidogo. Nilikuwa Venice, Italia, ule mji ambao barabara zake ni mifereji na daladala zake ni boti. Wengi wakifika huko hupiga picha juu ya daraja la Rialto, wakaondoka. Na mimi nilipiga, nisiwe mwongo. Lakini nilikuwa na langu jambo pale.

Jambo lenyewe ni neno "gazeti", hili linaloniweka mjini. Wengi wanaochunguza asili ya maneno wanasema limeanzia Venice. Karne ya 16 palikuwa na sarafu ndogo iliyoitwa gazeta, na karatasi ya habari iliuzwa kwa bei hiyo. Na habari zenyewe zilipatikana Rialto, walikokutana wafanyabiashara na wenye benki kuulizana meli ipi imefika na ipi imezama.

Basi nikadamka alfajiri, watalii wakiwa bado wamelala. Daraja ni tao moja tu la mawe, limeuvuka mfereji mkuu kwa mita kama 28, na juu yake kuna maduka. Kabla yake palikuwa na madaraja ya mbao. Mwaka 1444 mbao zilivunjika kwa uzito wa watu waliojazana kutazama msafara wa harusi ukipita kwa boti. Mwaka 1524 likaanguka tena. Wazo la kujenga kwa mawe lilikuwa limeshatolewa tangu 1503. Ujenzi ulianza lini? 1588! Miaka 85 ya vikao, jamani. Aliyelijenga ni Antonio da Ponte, na jina hilo maana yake ni "wa Daraja", sitanii. Lilipokamilika mwaka 1591 wapo waliosema halitadumu. Mimi nimesimama juu yake.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 1501 zilifika habari kwamba Wareno wamepata njia ya baharini ya kwenda India na wanaleta viungo Lisbon. Venice ilitajirika kwa kununua pilipili manga Misri na Syria na kuiuza Ulaya. Mwenye benki mmoja, Girolamo Priuli, aliandika katika shajara yake kuwa mji wake haujawahi kupata habari mbaya kama hiyo. Na njia ile ilipita kwetu: ni Malindi, mwaka 1498, ambako Vasco da Gama alipewa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Shuleni tuliambiwa rubani huyo ni Ahmad ibn Majid, ingawa wanahistoria wengi sasa hawakubali.

Je, Venice ilianguka kesho yake? Hapana. Katikati ya karne ile biashara ya pilipili iliinuka tena, na Priuli akaonekana mtia chumvi. Ni karne ya 17, Waholanzi walipojiimarisha katika Bahari ya Hindi, ndipo biashara ile ilipokwisha kweli.

Niliteremka daraja. Hatua chache tu kutoka pale kuna duka la dawa ambalo tangu mwaka 2008 limeweka dirishani namba ya wakazi wa mji mkongwe. Mwaka 1951 walikuwa kama 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Watalii wanapita mbele ya namba ile wakitafuta aiskrimu. Hakuna anayepiga kelele, maana hakuna siku ambayo namba hiyo imeanguka kwa kishindo.

Hapo nikakumbuka habari yangu moja. Niliandika juu ya kivuko cha mbao ambacho watoto hupita kwenda shule, mbao zimeoza na misumari iko nje. Mhariri akaniuliza, "Kuna mtu amekufa?" Nikamjibu hapana. "Basi subiri." Nikasubiri. Sikumbishia hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma.

Mbao za Rialto nazo zilisubiriwa hivyo hivyo, zikaanguka na watu juu yake. Nimerudi, na kivuko bado kipo vile vile. Kesho nakwenda tena na kamera, na safari hii mhariri akiniuliza swali lake nitamtajia mwaka 1444.

Tafakari. Tupo pamoja.