Kivuli Kwenye Pafu: Safari ya Kujifunza Kusoma Picha za Kifua

Mwaka 1947, jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha matokeo yaliyowashtua wengi. Watafiti walitaka kujua ni aina gani ya filamu ya eksirei inayofaa zaidi kuwabaini wagonjwa wa kifua kikuu. Watu 1,256 walipigwa picha za kifua kwa njia nne, kisha picha zikasomwa na wataalamu watano. Tofauti kati ya filamu ilikuwa ndogo. Tofauti kubwa ilikuwa kati ya wasomaji: mmoja alipoona kivuli, mwenzake aliona pafu salama. Hata msomaji yule yule, aliporudishiwa picha zile zile, kuna alizozibadilishia jibu.

Kufikia wakati huo eksirei ilikuwa imetimiza nusu karne. Wilhelm Röntgen aliigundua Novemba 1895 mjini Würzburg, Ujerumani, na mwaka uliofuata Francis Williams wa Boston alikuwa tayari anachunguza vifua vya wagonjwa kwa mionzi hiyo. Mwaka 1936 Manuel de Abreu, daktari wa Brazil, alibuni namna ya kupiga picha ndogo za bei nafuu, na umati ukaanza kupimwa. Katika jiji la Glasgow, Scotland, zaidi ya watu 700,000 walipigwa picha kwa wiki tano tu za mwaka 1957.

Picha zilikuwa nyingi, lakini nani angezisoma, na kwa maneno gani?

Jacques Yerushalmy, mwanatakwimu aliyeshiriki utafiti wa 1947, alipendekeza kila picha isomwe mara mbili. Suala la maneno lilishughulikiwa baadaye na chama kilichoanzishwa mwaka 1969 kwa kumuenzi Felix Fleischner, daktari wa mionzi aliyehama Vienna na kufanya kazi Boston. Mwaka 1984 chama hicho kilitoa orodha ya istilahi, na baadaye kikaiboresha mara kadhaa.

Ndiyo maana ripoti za leo zimeandikwa kwa tahadhari. Kinundu ni doa la mviringo lisilozidi milimita 30. Likizidi hapo huitwa uvimbe. Ukungu mwepesi ni weupe ambao mishipa ya damu bado inaonekana ndani yake. Weupe ukiwa mzito hadi kuificha mishipa, hewa ndani ya pafu imechukuliwa nafasi na majimaji, usaha, damu au seli. Maneno haya yanaeleza kinachoonekana tu. Weupe huohuo unaweza kutokana na nimonia, kifua kikuu au saratani, na jibu hutafutwa katika dalili, makohozi, damu na picha za zamani. Kinundu kidogo kilichojaa chokaa, kwa mfano, mara nyingi ni kovu la maambukizi yaliyokwisha kupona.

CT-skani, iliyotumika kwa mgonjwa wa kwanza jijini London mwaka 1971, ilianza kufichua vinundu ambavyo eksirei ya kawaida isingeviona kamwe. Faida ilikuja pamoja na hofu, ingawa vinundu vingi havina madhara. Mwongozo wa chama cha Fleischner wa mwaka 2017 unasema kinundu kigumu kisichofika milimita 6, kwa mtu mzima asiye na hatari kubwa ya saratani, hakihitaji kufuatiliwa kwa vipimo vya mara kwa mara.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliruhusu msomaji mpya: programu ya kompyuta inayoweza kutumika badala ya binadamu kuchuja picha za kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Ni msaada mkubwa kwa vituo visivyo na daktari wa mionzi. Programu hutoa alama, na kiwango cha kushuku ugonjwa hupangwa kulingana na mazingira ya mahali husika. Anayevuka kiwango hicho haanzishiwi dawa kwa sababu ya alama peke yake, bali hupelekwa kwanza kupimwa makohozi.